Barua kwa Mama Neema anayeanza kufundisha uongozi

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Mama Neema, rafiki yangu,

Salamu kutoka kwetu sote, mama watoto anakusalimu sana na anauliza samaki wa Mwanza wameishia wapi.

Hongera kwanza. Miaka yote ulikuwa unatucheka sisi watu wa chaki, na leo umepewa kipindi: Uongozi na Usimamizi kwa Wahandisi, mwaka wa nne, Ijumaa saa nane mchana. Saa ambayo hakuna anayeitaka. Ndiyo kawaida, mgeni hupewa makombo ya ratiba. Umeniuliza uanzie wapi na utumie kitabu gani. La kitabu ni jepesi: kilichoandikwa kwenye mtaala kiache hapo hapo, wakisome wenyewe hosteli, wewe usikifundishe. La kuanzia ndilo limenifanya niandike badala ya kukupigia.

Najua watakachokukabidhi: slaidi za aliyekutangulia. Utakuta piramidi ya mahitaji ya binadamu, aina za viongozi, na jedwali la safu mbili linaloonyesha tofauti ya kiongozi na meneja. Vijana watayakariri yote na watapata A. Halafu muhula ukifungwa wanakwenda mafunzo ya vitendo, wanakuta foremani anafoka, lori la kokoto limekwama getini, vibarua wamekaa kivulini wanasubiri kuambiwa, na wale wenye A hawajui waseme nini. Mimi siamini tena kwamba uongozi unafundishika kwa kuuelezea. Mpe kijana jambo ambalo likiharibika ataulizwa yeye, hapo ndipo somo linaanza. Na tafadhali, usikubali wakuletee mhamasishaji wa kuja kuwapigisha makofi. Ijumaa saa nane watampigia, kwa furaha, na Jumatatu hawatakumbuka hata neno.

Ijumaa ya kwanza wape daraja la Quebec. Unalikumbuka, tulifundishwa kwenye miundo kama habari ya vyuma vilivyopinda. Mimi nalifundisha kama habari ya telegramu. Mwaka 1907, kule Canada, juu ya mto St. Lawrence, mshauri mkuu alikuwa Theodore Cooper, bingwa wa madaraja wa zama zile, mzee, afya mbaya, anasimamia kazi akiwa New York. Saiti alimweka kijana, Norman McLure, aliyemaliza Princeton mwaka 1904. Agosti ile McLure akaona vyuma vya chini vinavyobeba mgandamizo vinapinda. Kimoja, ndani ya wiki moja hivi, kilitoka kupinda chini ya inchi moja hadi inchi mbili na robo. Watu wakabishana: wengine wakadai kilitoka kiwandani kikiwa hivyo hivyo. McLure akapanda treni kumfuata mzee. Tarehe 29 Agosti Cooper akatuma telegramu kwamba uzito usiongezwe darajani mpaka jambo litazamwe, lakini aliituma kwenye kampuni ya chuma kule Phoenixville, Pennsylvania. Quebec hakutuma. Phoenixville nao wakaona wangoje kesho. Jioni ile ile, kazi ikikaribia kufungwa, daraja lilianguka. Walikufa watu 75.

Sasa, usiwaache waanze kutafuta mwenye makosa, tume ya uchunguzi ilishaifanya kazi hiyo. Wasimamishe kwenye asubuhi ya tarehe 28. Mmoja awe McLure, wengine wawe msimamizi wa mkandarasi, foremani, mtu wa kampuni ya daraja ambaye fedha zinamwishia. Kabla ya mchezo kila mtu darasani ataapa kwamba angesimamisha kazi. Baada ya nusu saa ya kubanwa na wenzake, kijana wangu mmoja aliyejitolea kuwa McLure, tena mwenye maneno mengi, aliishia kusema, "Basi nitaandika ripoti." Darasa zima liliangua kicheko, kisha likanyamaza lenyewe. Hapo ndipo unaingia na swali: kwenye saiti ile, nani alikuwa na uwezo wa kusema "simama", na je, wote walimjua? Tume yenyewe iliona kwamba pale hapakuwa na mhandisi mwenye uzoefu wa kutosha aliyekabidhiwa usimamizi. Swali hilo hilo waende nalo saiti yoyote ya hapa nyumbani siku ya kwanza wanaporipoti.

(Kuna atakayekuuliza kuhusu pete za chuma ambazo wahandisi wa Canada huvaa kidole kidogo tangu 1925, kwamba zilitengenezwa kwa vyuma vya daraja lile. Si kweli, ni hadithi tamu tu. Mwambie hivyo asiende kuiandika kwenye mtihani.)

Usibaki Canada lakini. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa hapa katikati ya mji liliporomoka na watu 36 wakafa. Wanafunzi wako wa leo walikuwa shule ya msingi. Hilo mimi silifanyii mchezo wa kuigiza, wafiwa wapo, pengine ndugu yao amekaa kiti cha mbele. Nalitaja, nawapa tarehe na idadi, tunaendelea.

Wiki ya tatu hivi toka nao nje. Hapa ndipo wewe utanishinda mbali, kwa hiyo nikueleze nilivyofanya uboreshe. Namtafuta fundi wa kweli wa mtaani, mtu mzima, namlipa siku yake, na tunapatana pembeni. Nyuma ya maabara tumefunga boksi la nguzo na nondo zake, tunakoroga zege. Fundi ana kazi moja tu: kung'ang'ania maji, ambayo yakizidi zege linakosa nguvu. "Injinia, zege gumu hili, halipiti kwenye nondo. Tutie ndoo moja tu." Unamjua fundi huyo, umekaa naye barabarani miaka yote. Hana ubaya. Anataka zege litiririke, amalize kabla jua halijazama, na vijana wake wakalipwe.

Kijana wa kwanza mwaka jana alianza kumhutubia juu ya uwiano wa maji na saruji, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, sauti inapanda kadiri fundi anavyonyamaza. Wa pili akasema, "Mimi ndiye injinia hapa." Wa tatu alikuwa binti mmoja mpole ambaye darasani sikuwahi kumsikia. Alianza na "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu." Akaomba koni ya kupimia ulaini wa zege. Akachuchumaa mwenyewe, akajaza tabaka la kwanza, akalishindilia kwa fimbo mara 25, la pili vivyo hivyo, la tatu vivyo hivyo, akakwangua juu, akainyanyua koni taratibu, kisha akampa fundi rula. "Nisomee, fundi, limeshuka ngapi?" Fundi akasoma. "Basi zege liko sawa. Ila kweli, nondo hapa zimebanana. Maji hatuongezi. Tulete vibreta, mashine ya kulitetemesha lipenye, na vijana wawili wahamie upande huu."

Tulipomaliza nilimwomba fundi agawe maksi. "Huyu binti ningemsikiliza. Yule wa kwanza ningengoja aondoke, nitie maji yangu." Yule wa pili hakumtaja, alicheka tu.

Mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko mihadhara yangu yote. Vijana wetu wengi wamekua wakiambiwa wakubwa hawapingwi, halafu tunawapeleka saiti wakiwa na miaka 23 wamwamuru mtu wa rika la baba yao. Wanaona njia mbili tu, kufyata au kufoka. Binti yule aliwaonyesha kwamba shikamoo haimpunguzii mtu mamlaka: umri ni wa fundi, saini ni yako, na vyote viwili vinakaa kwenye sentensi moja. Na uamuzi huo hauna muda wa kwenda kuuliza chuo. Vipande vya zege vya kupima nguvu vitavunjwa siku ya 7 na ya 28, na ile ya 28 ikifika ghorofa ya juu tayari imefungiwa mbao.

Kwa sababu hiyo hiyo fanya mazoezi haya kwa Kiswahili, hata kama mkuu wa idara atakunja uso. Hesabu wamezisoma kwa Kiingereza na watazifanya kwa Kiingereza. Kumkatalia mtu mzima, kuomba radhi kwa kuchelewesha malipo, kumwambia mkandarasi abomoe alichojenga jana: hayo yote watayafanya kwa Kiswahili, na hakuna aliyewahi kuwasahihishia.

Baada ya hapo wape mradi mdogo wenye mwenyewe wa kweli. Shule ya msingi jirani inayotaka gata na tangi la maji, zahanati yenye mfereji uliojaa mchanga. Fedha ziwe kidogo, zitoke kwa mhasibu, zirudi na risiti za EFD. Utashangaa. Watu hawa wanaweza kukuchorea mtandao wa kazi na kukokotoa ipi ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa, hesabu za tangu kampuni ya DuPont mwaka 1957, bila kukosea hata desimali. Lakini hawajawahi kumpigia mwenye lori kuuliza kama kweli kokoto itafika Jumanne, wala kujibiwa "niko njiani, injinia" na mtu ambaye bado yuko kitandani.

Katikati ya mradi, bila kuwaonya, badilisha viongozi. Kiongozi wa zamani anaandika makabidhiano ya ukurasa mmoja na hapo hapo anakuwa mjumbe wa kawaida. Wengine hunung'unika kwamba wamevuliwa cheo! Ukurasa ule ndio unaonipa picha ya mtu kuliko kitu kingine chochote. Nani amelipwa nusu, fundi gani kaahidi nini, ufunguo wa stoo anao nani. Kundi moja lilikwama karibu wiki nzima kwa sababu namba ya muuza gata ilikuwa kwenye simu ya kiongozi wa kwanza, na simu ilikuwa kwa fundi simu.

Jambo moja sitakueleza mimi, maana uliliishi. Wakiachwa wajipange wenyewe, mwenyekiti ni mvulana na mwandishi ni msichana, kila kundi, kila mwaka. Piga kura ya karatasi kwenye kofia kwa vyeo vyote. Mwandishi akiwa mvulana, mihtasari inakuwa mifupi na mibovu, na darasa linaanza kuelewa kwamba ile ilikuwa kazi.

Maksi sasa. Hapa sina dawa kamili. Haiba sipimi, maana wenye sauti nzito wangefaulu wote. Napima karatasi wanazoacha nyuma. Kwenye muhtasari wa kikao kila jambo liwe na jina la mtu na tarehe. Nikikuta "ilikubaliwa kuwa suala hili lifuatiliwe" nakata maksi bila huruma. Lifuatiliwe na nani, lini? Wale wanaoandikwa majina bila kufanya kazi nawakamata kwa kumwita mmoja mmoja, dakika tano, anieleze sehemu ya mwenzake. Na mwisho namuuliza mwalimu mkuu au mganga wa zahanati swali moja: kazi ilipokuwa inaendelea, ulikuwa unajua imefikia wapi? Kundi moja lilijenga vizuri kabisa na likaanguka hapo.

Ukipata mtu wa idara anayekuambia kwamba uongozi ni wa wachache waliozaliwa nao, mwonyeshe vigezo vya ABET, chombo cha Marekani kinachoithibitisha mitaala ya uhandisi, ambavyo wakubwa wetu wanapenda kuvitaja. Vinasema habari za timu ambayo wanachama wake kwa pamoja ndio wanaotoa uongozi. Hakuna mahali panapodai kila mhitimu awe bosi. Nalisema hili darasani pia, kwa sababu vijana wakisikia jina la kipindi wanadhani tunawaandaa kwa kiti cha mkurugenzi, wakati wakitoka hapa wana miaka mitatu ya SEAP, ule mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003, ya kukaa chini ya mhandisi mzoefu wakijaza ripoti. Kuongozwa vizuri nako kuna ufundi wake: kuuliza swali kabla ya zege kumwagwa, kupeleka habari mbaya juu ikiwa bado ndogo, kujua utampelekea nani. McLure alijua kuona. Hakuwa na mahali pa uhakika pa kusemea.

Nina ombi, na usinikatalie. Ile habari yako ya kalvati, siku uliyokataa kusaini na mkandarasi akakuachia porini bila gari, iandike ukurasa mmoja. Usitaje majina ya watu wala ya barabara. Ishie pale ulipobaki peke yako na simu haina mtandao, usiseme ulifanya nini baadaye. Nataka wanafunzi wangu wakae na uamuzi huo wiki nzima kabla ya kupata jibu. Ukiweza nitumie kabla ya mwisho wa mwezi, maana wiki ya tano ndipo nataka kuiingiza, na mimi nitakutumia karatasi za majukumu ya Quebec, nimeshaziandika kwa Kiswahili.

Na utakapopata ruhusa ya kuwapeleka vijana wako Kigongo–Busisi kuliona daraja, niambie mapema. Nitaomba basi la chuo. Wakinikatalia, nitapanda basi la kawaida, mradi usiku huo nilale kwako na yule samaki awepo.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Baba Tumaini