Treni ya umeme tunaipenda, ila majirani wa reli na milima yao je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii treni yetu ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa. Tangu ianze kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo kila mtu anaisifia, na mimi naisifia kwa moyo wote, mtu anatoka Dar asubuhi na kabla ya mchana yuko Dodoma anafanya shughuli zake, wakati kwa basi siku ilikuwa inaishia barabarani. Alafu haitoi moshi. Hapo kwenye moshi ndo nataka tukae kidogo, kwasababu naona tukishasema treni haina moshi basi tunaona habari ya mazingira imeisha.

Moshi ni jambo kubwa, sikatai. Wenzetu Kenya reli yao ya Mombasa hadi Nairobi ilianza 2017 na dizeli mpaka leo, sisi tumeanza moja kwa moja na umeme, na sasa tuna bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Ila umeme wetu mwingine unatoka kwenye gesi, na gesi nayo inachomwa, kwahiyo usafi wa treni unategemea na huko umeme unakotoka. Hilo wataalamu watalimaliza. Mimi kinachoniuma ni ardhi reli inapopita na watu waliokuwepo hapo kabla yake.

Nakaa Kilosa. Sisi huku reli tunaijua kwa mafuriko. Reli ya kati ya zamani, hii ya Mjerumani iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, ikitoka Kilosa inafuata bonde la mto Mkondoa kupanda kwenda Kidete na Gulwe, na mto ukijaa reli inaondoka. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalitoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao wilayani kwetu na treni zikasimama miezi, mzigo wa Kigoma na Mwanza wote ukahamia kwenye malori. Na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho, kila baada ya misimu kadhaa utasikia tuta limekatika, mafundi wamepelekwa, kokoto zimemwagwa, treni imeanza tena, mvua nyingine inakuja kazi inaanza upya.

Sasa watu wanasema ni mvua. Mvua ipo, lakini nendeni mkaangalie milima ya huko juu, Mpwapwa, Kongwa, Gairo mpaka huku kwetu. Miti imekatwa kwa mkaa na mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, maji yakishuka yanashuka na mchanga, mchanga unajaa mtoni, sakafu ya mto inapanda mwaka hadi mwaka mpaka daraja lililojengwa na nafasi ya kutosha linabaki na nafasi ndogo tu chini yake, hapo mto unatafuta njia nyingine na njia yenyewe ndo kwenye reli au kwenye nyumba za watu. Na mkaa wenyewe unaenda wapi? Unaenda Dar kwa magunia, kwa hao hao abiria tunaopanda treni safi. Simlaumu mchoma mkaa, ana watoto wa kusomesha na hakuna aliyempa kazi nyingine, lakini ukitoa hela ya kutengeneza tuta kila mwaka bila kupanda hata mche mmoja kule juu unakuwa unafuta maji sakafuni na bomba liko wazi. Reli mpya imejengwa imara zaidi, ina madaraja marefu na imetoboa milima yetu kwa mahandaki, lakini mto ni uleule na mchanga ni uleule, usipozuiwa huko unakotoka utatukuta tu.

Alafu kuna watu. Kwa treni ya zamani stesheni ilikuwa soko, kila mtu aliyesafiri anamjua kuku wa Saranda, akina mama wanakimbilia madirishani na masinia, huyu na ndizi, huyu na karanga, na watoto wamesoma kwa hizo hela. SGR madirisha hayafunguki na treni haikai, ni sawa, ni usalama na muda, siombi treni isimamishwe kwa ajili ya ndizi. Ninachouliza ni kwanini mama aliyeuza stesheni miaka ishirini asipewe kwanza kibanda ndani ya stesheni mpya kwa bei anayoiweza, kabla hajaja mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa. Na uzio pia, reli ya spidi kama hii lazima iwe na uzio, mtoto na ng'ombe wasiingie, lakini reli yoyote yenye uzio inakata kijiji vipande viwili, shamba ng'ambo, kisima ng'ambo, shule ng'ambo, kwahiyo vivuko viwekwe kwa kuwauliza wanaovuka kila siku, ramani peke yake haioni mama mwenye ndoo kichwani.

Tumesikia mara kadhaa watu wamekamatwa kwa kuiba nyaya na vyuma vya reli. Mwizi ni mwizi, afungwe. Lakini mlinzi wa kwanza wa reli ni jirani yake, ndiye anayeona pikipiki imepaki usiku pale kwenye tuta, na akiona kuwa hii reli imempa maji, imempa kibanda, kijana wake amepata kibarua cha kusafisha makalavati, atapiga simu hata kama hajatumwa. Akiona haijampa kitu, atalala.

Niseme na mizigo kidogo. Faida kubwa ya mazingira haiko kwa abiria, iko kwenye kontena. Kwenye mipango tuliambiwa treni moja ya mizigo ya SGR itaweza kubeba hadi tani 10,000, fikiria ni malori mangapi hayo yanatoka barabarani. Na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilometa 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, hiyo ndo mbadala wa malori ya Zambia na Kongo yanayokata katikati ya hifadhi ya Mikumi kilometa 50, wanyama wanagongwa mle mara kwa mara. Mpango wa kuifufua na Wachina wa dola bilioni 1.4 ni habari njema sana, ila masharti ya miti, ya vijiji na ya wanyama yaandikwe kwenye mpango sasa hivi, sio tuje tuyaombe baadae. Kenya waliinua reli juu ya nguzo kama kilometa 6 ndani ya hifadhi ya Nairobi ili wanyama wapite chini, na bado wananchi wao walienda mpaka kwenye baraza la mazingira kupinga, hiyo ni haki yao na ilisaidia watu wafikiri vizuri.

Kwahiyo naomba wahusika, TRC (Shirika la Reli), wizara, na halmashauri zetu zote reli inapopita, mambo machache tu. Sehemu ya nauli na ushuru wa mizigo, hata ndogo, itengwe kwa ajili ya vyanzo vya mito inayopita chini ya reli, ipande miti na iwape watu wa milimani njia nyingine ya kuishi. Kila mwaka itolewe taarifa kwa Kiswahili, ibandikwe stesheni na ofisi za vijiji, isomeke: miti mingapi imepandwa na mingapi imepona, vivuko vingapi, watu wangapi wa vijiji vya jirani wameajiriwa. Na kwa haraka zaidi, masika yanaanza Machi, makalavati na mikondo ya maji kati ya Kilosa na Gulwe isafishwe kabla, vijana wa kufanya hiyo kazi wapo huku huku.

Msomaji wako,
Kilosa, Morogoro