Silva ya koloidi au ya ayoni? Chumvi ya jikoni itakwambia

Mhariri, naomba nafasi kidogo, kuna jambo linaniuma kuhusu hizi chupa za maji ya silva, yaani maji yenye madini ya fedha yanayouzwa kama dawa. Lebo imeandikwa koloidi kwa herufi kubwa, alafu ukiinua chupa kwenye mwanga unakuta maji maangavu kabisa, huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Mi nasema chupa ya namna hiyo mara nyingi ni ayoni tupu au karibu yote ayoni, na anayenunua ana haki ya kujua.

Koloidi ni chembe za silva yenyewe, metali kamili, zinaelea kwenye maji, nyingi ukubwa wake ni nanomita 1 mpaka 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ayoni ni atomu moja moja iliyopoteza elektroni, imeyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka, na haina rangi. Chembe ndo zina rangi, kwa sababu zinanyonya mwanga wa zambarau na bluu, pale urefu wa mawimbi yake ulipo karibu na nanomita 400, kwahiyo maji yanaonekana ya njano, na zikiwa nyingi yanaenda kwenye ukahawia.

Nimepima mwenyewe. Nilichukua glasi mbili, moja nikatia maji ya distili matupu, ya pili silva, nikadondosha punje chache za chumvi kila moja. Kwenye maji matupu punje zikazama zikayeyuka, basi. Kwenye silva kila punje ikawa inashuka na kuacha nyuma yake uzi mweupe kama moshi, nyuzi zikajikunja zikakutana chini, nikakoroga glasi nzima ikawa na ukungu kama imetiwa tone la maziwa. Ile ni kloraidi ya silva, ayoni ya silva ikikutana na kloraidi ya chumvi inashindwa kubaki imeyeyuka. Nikaiacha glasi dirishani kwenye jua, weupe ukaanza kugeuka kijivu chenye uzambarau, na hiyo ndo tabia ile ile iliyowapa watu wa karne ya 19 karatasi za kupigia picha. Msitumie maji ya bomba kulinganisha au kuongezea jamani, yana kloraidi yake tayari, yatawadanganya. Na kama silva yenu ilikuwa ya njano, chumvi inaweza kuzigandanisha chembe rangi ikageuka kuwa ya kijivu, hiyo isichanganywe na ule ukungu mweupe.

Kabla ya chumvi lakini anzeni na leza, kwa sababu ukungu wenyewe nao unatawanya mwanga. Zima taa, pitisha mwale wa leza ubavuni mwa glasi (usimlenge mtu machoni hata kidogo), ukiona mstari wa mwanga umekatiza ndani ya maji basi chembe zipo. Mwanasayansi Faraday aliliona jambo hili kwenye dhahabu miaka ya 1850, baadaye mwanasayansi mwenzake Tyndall akalichunguza mpaka likabeba jina lake. Ila mstari ukionekana usiseme ayoni hazipo, silva inayotengenezwa kwa umeme kawaida ina vyote viwili, na vumbi nalo linaweza kuonyesha mstari, ndo maana vipimo viwili ni bora kuliko kimoja. Kile kipima-TDS (kifaa cha kukadiria vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) ambacho watu wanachovya wanakutajia ppm, yaani sehemu ngapi kwa milioni, kinasoma upitishaji wa umeme tu, yaani ayoni, chembe hakizihesabu.

Kwa anayekunywa mi namwambia aache, iwe koloidi iwe ayoni. Ayoni zikifika tumboni zinakuta asidi ya haidrokloriki, na kloraidi iko humo tele, kwahiyo nazo zinaweza kugeuka kloraidi ya silva kama kwenye glasi, na silva ikijikusanya mwilini ngozi inageuka bluu-kijivu, ugonjwa unaitwa ajiria, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilishatamka mwaka 1999 kwamba dawa za silva zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi.

Ombi langu mhariri, tangazo la silva likija mezani kwenu muulizeni mwenye bidhaa kiasi gani ni chembe na kiasi gani ni ayoni, na kipimo hiki mkifanye mbele ya mpiga picha wenu. Wekeni kitambaa cheusi nyuma ya glasi, ule uzi mweupe unatoka vizuri sana.

Msomaji wenu wa siku nyingi