Mafundi waache kuandika sdb1

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi kompyuta wa Mwanza, hasa wanaofunga mashine za Linux kwenye steshenari, maduka ya dawa na ofisi za wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wengi huchomeka diski ya nje ya kutunzia nakala, wakaandika /dev/sdb1 (patisheni, yaani kigawanyo, ya kwanza ya diski iliyoitwa sdb) kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, wakajaribu mara moja, ikakubali, wakalipwa na kuondoka. Kesi huanza umeme ukikatika.

Herufi hizo si mali ya diski. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huzigawa kwa kadiri inavyozikuta diski: ya kwanza sda, inayofuata sdb. Mashine ikiwaka upya huku kuna flashi imesahaulika kwenye USB, flashi inaweza kuwahi sdb na diski ya nakala ikasukumwa hadi sdc. Mstari wa fstab unadai ext4, muundo wa mafaili wa Linux, flashi ina muundo wa FAT, basi mfumo unakataa na kuishia kwenye skrini ya dharura. Mstari ukiwa na neno nofail, yaani usikwame diski isipopatikana, mashine itawaka kama kawaida, na hapo ni pabaya zaidi: nakala za kila usiku zitaandikwa ndani ya folda tupu ya /mnt/nakala ambapo diski ya nje ilipaswa kufunguliwa, yaani kwenye diski ileile ya mfumo, mpaka ijae. Mwenye duka anaamini ana nakala, kumbe hana.

Endesha sudo blkid, chukua UUID (namba ya utambulisho) ya patisheni yenyewe, kisha andika:

UUID=(namba uliyoipata) /mnt/nakala ext4 defaults,nofail 0 2

Hakiki kwa sudo findmnt --verify kabla ya kuwasha upya. Kwenye skripti ya nakala tanguliza mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1, ili diski isipokuwepo kazi isimame. Ukifomati diski, UUID hubadilika. Ukiinakili nzima kwa amri ya dd, zinakuwa mbili zenye UUID moja, usizichomeke pamoja.

Majina haya yameshawahi kugeuka. Diski za IDE, aina ya zamani, zilikuwa hda, lakini kuanzia mwaka 2007 hivi kerneli mpya zikaanza kuziita sda, na aliyekuwa ameandika hda aliona cha moto. Siku hizi patisheni ya kwanza ya NVMe, diski za kisasa za kasi, ni nvme0n1p1. Hiyo p imewekwa kwa kuwa jina la diski linaishia na tarakimu. Na mteja akiona sda1, sda2 kisha sda5, akauliza sda3 na sda4 zimeibwa na nani, mwambie MBR, jedwali la zamani la patisheni, ina nafasi nne tu za msingi, hivyo patisheni zinazowekwa ndani ya mojawapo ya hizo huanzia 5 hata kama nafasi nyingine ni tupu.

Windows ilichagua njia nyingine. A na B zilikuwa za flopi, diski ngumu ikapewa C, na flopi zimekufa lakini C haijasogezwa, maana programu nyingi zina C: ndani yake. Wanaoicheka Windows kwa hilo hawajawahi kuhamisha programu ya zamani ya hesabu. Ila diski ya nje ipewe herufi ya mbali, tuseme N, kupitia diskmgmt.msc, programu ya Windows ya kusimamia diski; ukiiacha na E, flashi inaweza kuichukua siku diski haijachomekwa.

Tarakimu nane za mwanzo za UUID ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya diski, ili fundi atakayefuata asikisie.

Fundi kompyuta,
Nyamagana, Mwanza