Barua kwa mdogo wangu wa Bukavu: faji haichagui kitu

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Goma. Katika daftari ulilonitumia umeandika kwamba faji lamda (faji ni kirusi kinachoshambulia bakteria) "inachagua" kumpasua bakteria au kulala ndani yake. Futa neno hilo. Faji haina akili ya kuchagulia. Ina DNA ya herufi 48,502 na protini chache zinazokimbizana, na ile inayowahi ndiyo inayofunga mlango. Ukishajua nani anafungua, nani anafunga na nani anavunjwa mapema, hutakariri tena.

Lamda humshika bakteria E. coli kwenye protini ya ngozi yake iitwayo LamB, ile ambayo bakteria anaitumia kuingizia sukari ya maltozi. DNA huingia ikiwa uzi mnyoofu. Kila ncha ina herufi 12 zisizo na mwenza. Ncha hizo zinashikana, ligasi ya bakteria inazishona, uzi unakuwa duara. Faji haikuja na polimerasi yake, kimeng'enya kinachosoma DNA na kuandika RNA, kwa hiyo polimerasi ya mwenyeji ndiyo inayosoma, ikianzia sehemu mbili: pL kwenda kushoto na pR kwenda kulia. Haifiki mbali. Kushoto inasoma jeni N na kukutana na alama ya kusimama. Kulia inasoma cro, na mara nyingi nako inasimama.

Protini N ndiyo inayobadilisha mchezo. Inaipanda polimerasi na kwenda nayo, kama gari lililopewa karatasi ya kupita kila bariera. Alama za kusimama zipo pale pale, ila hazisikilizwi tena. Sasa kushoto inasomwa cIII (c ndogo ni jeni, C kubwa ni protini yake), na kulia zinasomwa cII, kisha O na P za kunakili DNA, na mwisho kabisa Q. Q nayo ni karatasi ya bariera, lakini ya barabara nyingine: inafungua jeni za mwisho, yaani S na R za kupasua, kisha zile za kichwa na mkia. Kwa hiyo mahali jeni ilipo kwenye ramani ni saa yake pia. Usiichore ramani hiyo ovyo.

Ugomvi wenyewe uko kwa CII. Protini hii inawasha vitu vitatu kwa pamoja: cI (jeni ya mlinzi wa usingizi), int (jeni ya kupachika DNA), na RNA ya kinyume inayomzuia Q. Tatizo lake ni kwamba haidumu. Bakteria ana kimeng'enya FtsH kinachoikatakata ndani ya dakika chache, na CIII kazi yake ni kukishughulisha kimeng'enya hicho ili CII ipone. Bakteria akishiba kwenye mchuzi mzito, CII inavunjwa upesi, Q inashinda, bakteria anapasuka. Akiwa na njaa, au faji kadhaa zikimwingia kwa mpigo, CII inajikusanya na faji inalala: Int inapachika DNA yake kwenye kromosomu ya bakteria, kati ya jeni za gal na bio.

Anayelinda usingizi huo ni CI, protini iliyotenganishwa na mtafiti Mark Ptashne mwaka 1967. Tazama hapa kwa makini, ndipo wengi wanapokosea kwenye mtihani. CI na Cro wanagombania viti vile vile vitatu kwenye DNA ya faji, OR1, OR2 na OR3, ila wanavipenda kwa mpangilio uliogeuzwa. CI hukaa kwanza OR1 na OR2, akiziba pR na wakati huo huo akisaidia jeni yake mwenyewe isomwe. Akizidi, anakaa hata OR3 na kujizima, kwa hiyo kiasi chake hakifuriki. Cro huanza na OR3, na hapo hapo CI mpya haitengenezwi. Lamda nyingine ikiingia kwa bakteria aliye na CI, CI huyo anavikalia viti vyake mara moja, nayo inanyamaza.

DNA ya bakteria ikiharibika, kwa mfano kwa mwanga wa UV (urujuanimno), protini RecA inajipanga juu ya uzi ulioachwa wazi na kumsukuma CI ajikate mwenyewe. Viti vinabaki tupu, na safari ya N hadi Q inaanza upya.

Usidhani haya ni ya E. coli tu. Julai 1994 wakimbizi karibu 50,000 walikufa hapa Goma na kandokando yake katika mwezi wa kwanza tangu wafike, wengi kwa magonjwa ya kuhara, kipindupindu kikitangulia. Mwaka 1996 watafiti Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na faji, CTXφ. Hiyo haimpasui bakteria, inatoka polepole. Na ajabu yake ni kwamba sumu imeletwa na faji, lakini ufunguo wa kuiwasha mtu anapougua, protini ToxT, hautoki kwa faji hiyo. Uko kwenye kipande kingine cha DNA ya bakteria.

Sasa labo yako. Tumia E. coli ya aina ya K-12 isiyo na madhara. Otesha bakteria usiku kucha kwenye mchuzi wenye maltozi asilimia 0.2 na salfeti ya magnezi milimola 10 kwa lita. Usitie glukozi: inazima LamB, faji inakosa pa kushika, na wewe utalaumu faji. Changanya mililita 0.2 za bakteria na mililita 0.1 za faji iliyopunguzwa makali, subiri dakika 20, tia mililita 3 za agari laini ya asilimia 0.7 iliyo nyuzi 45 hadi 47, mimina juu ya agari ngumu. Ikiwa moto zaidi unawachemsha bakteria. Ikipoa inaganda mabonge. Ukihesabu vidoa 80 (mahali faji zilipoua bakteria) kwenye sahani ya punguzo la 10⁻⁶, yaani faji iliyopunguzwa mara milioni, una faji 8 × 10⁸ kwa mililita.

Kidoa cha lamda ya kawaida kina ukungu katikati: pale chakula kimepungua na faji zimekuwa nyingi, kwa hiyo bakteria wenye faji iliyolala ndani yao wanaendelea kukua. Kidoa kisicho na ukungu kabisa ni dalili kwamba cI, cII au cIII imeharibika.

Ukitaka kuamsha faji iliyolala kwa UV, ondoa kifuniko, maana plastiki inazuia mwanga huo. Wasafishe bakteria kwanza watoke kwenye mchuzi, kwani nao unaufyonza, na watandaze wawe tabaka jembamba. Baada ya hapo funga chupa kwa karatasi ya alumini, la sivyo mwanga wa dirishani utawasaidia kurekebisha DNA yao iliyoharibika. Ukiwa na aina ya cI857, ambayo CI yake haivumilii joto, itunze kwa nyuzi 30. Kwa 42 CI yake inaachia, na kwa 37 tayari inalegea. Umeme ukikatika na kurudi, pima joto la kabati la kuotesha kabla ya kuiamini sahani.

Ukiona vidoa vya aina mbili kwenye sahani moja, nipigie picha kabla hujavimwagia javeli.

Kaka yako,
Goma