Bei ya chakula mikahawani ipande hadharani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu gharama ya kula mikahawani hapa Mombasa. Malalamiko juu ya jambo hili ni mengi, na mengi yao humwelekea mwenye mkahawa kana kwamba hujipangia bei apendavyo. Mimi sina ugomvi na bei kupanda. Ugomvi wangu ni na bei inayopanda kwa kujificha, ikabaki ile ile kwenye menyu huku mteja akilipa nyingine anapoondoka.

Kwanza tumtendee haki mpishi. Biriani hutumia vitunguu, mafuta na mchele kwa wingi, na vitu hivyo vitatu vimetuhangaisha sana miaka hii ya karibuni. Mafuta ya kula yalipaa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, kisha Indonesia ikazuia kwa muda uuzaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi, na dumu likawa halishikiki. Vitunguu vyetu vingi hutoka Tanzania, kwa hivyo mavuno ya huko yakiharibika, soko la Kongowea huhisi mara moja. India ilipopiga marufuku uuzaji nje wa mchele mweupe usio basmati mnamo Julai 2023, hata mchele wa Pakistan, ambao ndio unaojaza masufuria yetu mengi, haukusalimika. Mwezi huo huo VAT ya petroli na dizeli iliongezwa hapa kwetu kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita moja ya petroli ilikuwa imevuka Sh200. Gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikapunguziwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha mwaka 2023 ikaondolewa kodi hiyo kabisa. Ingawa, na hili pia lisemwe, sijaona mkahawa hata mmoja uliopunguza bei kwa sababu hiyo.

Juu ya hayo kuna leseni ya biashara ya kaunti, vyeti vya afya vya wapishi, cheti cha kinga ya moto, na leseni ya muziki kwa anayetaka wateja wake wale huku wakisikiliza taarabu.

Mteja naye hana nafuu. Mshahara wake hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Ndiyo maana mwenye mkahawa huogopa kuandika bei mpya: anajua kwamba akibadilisha tarakimu ubaoni, mteja atasoma, atageuka, na atavuka barabara kwenda kwa jirani ambaye ubao wake haujabadilika. Basi tarakimu huachwa, kikabadilishwa kitu kingine. Mahamri hubaki ya shilingi kumi lakini ndani yamekuwa hewa tupu. Kipande cha samaki wa kupaka huja na nazi nyingi ili kisionekane udogo wake. Yote haya tumeyazoea, na kwa kiasi fulani nayavumilia, kwa kuwa angalau jicho huona kabla ya mkono kulipa.

Nisilolivumilia ni la kwenye bili. Hivi majuzi nilikula chakula cha mchana na mwenzangu wa kazini katika mkahawa mmoja wa katikati ya mji ambao sitautaja. Biriani ya kuku iliandikwa Sh550 na juisi ya ukwaju Sh150. Tukaagiza mbili mbili, na kwa hesabu ya mtoto wa shule hizo ni Sh1,400. Bili ilipoletwa ilisoma Sh1,730. Palikuwa na ada ya huduma ya asilimia 10, yaani Sh140. Palikuwa na kachumbari mbili kwa Sh100, ilhali hapo awali kachumbari ilikuja na sahani yake na hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka. Palikuwa na Sh50 ya chupa ya maji iliyokuwa mezani tulipoketi, ambayo tuliifungua kwa kudhani ni ukarimu, na Sh40 ya mkebe wa kubebea mabaki. Kisha tukaelekezwa kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu badala ya tili ya biashara, kumaanisha gharama ya kutuma ikawa juu yetu pia.

Nilipomuuliza mhudumu iwapo ile Sh140 ni yake, aliangalia upande wa kaunta kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuiona. Hapa ndipo jambo linapokuwa zito kuliko mfuko wangu. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaiondolea kodi ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi, kwa sharti kwamba igawiwe wafanyakazi moja kwa moja na isizidi asilimia 10 ya bei. Mwajiri anayeitoza kwa jina la mhudumu kisha akaitia mfukoni mwake amemdhulumu mteja aliyedhani anamshukuru mtu, amemdhulumu mfanyakazi, na kama hakuilipia kodi, ameidhulumu na serikali.

Tazama tofauti na wale wauzao nyama choma. Pale mteja huonyeshwa nyama, hukatiwa, huwekewa kwenye mizani mbele ya macho yake, na kilo ina bei moja inayojulikana. Mbuzi wakiadimika, bei ya kilo hupanda, na hakuna anayehisi ameibiwa. Anayeona ni ghali huagiza nusu kilo. Sioni kwa nini mwenye kuuza pilau ashindwe kuwa muwazi kiasi hicho. Biriani ikiwa kweli inamgharimu hata lazima aiuze Sh700, na aandike Sh700, kachumbari na huduma zikiwa ndani. Nami nitapima uwezo wangu, na huenda siku hiyo nikala mbaazi.

Nakubali kwamba mkahawa mmoja hauwezi kuanza peke yake, kwa sababu mkweli wa kwanza ndiye atakayeonekana ghali. Ndiyo sababu nasema kanuni iwabane wote kwa pamoja, na bahati nzuri kanuni hiyo haihitaji kutungwa upya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na anachonunua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, inakataza mtoa huduma kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa mapema, iitwe kwa jina lolote lile. India ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 mamlaka yake ya kulinda watumiaji ilikataza mikahawa kuongeza ada ya huduma kwenye bili bila hiari ya mteja, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ikaunga mkono agizo hilo. Sisi hatuhitaji kufika huko. Mikahawa yetu mingi mikubwa tayari huandika chini ya menyu kwamba bei zote zimejumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Kuongeza maneno mawili, "na huduma", hakutamaliza wino wa mtu.

Maafisa wa afya wa kaunti huingia jikoni kukagua vyeti vya wapishi. Naiomba serikali ya kaunti iwaagize, wakiwa humo humo, waitishe menyu na bili moja ya siku hiyo, wazilinganishe, na mkahawa ambao tarakimu zake hazipatani usipewe leseni ya mwaka unaofuata mpaka urekebishe ubao wake. Nayo Mamlaka ya Ushindani itangaze, kwa Kiswahili na kwa lugha nyepesi, mteja apeleke wapi bili kama ile yangu, maana ninayo bado.

Mkazi wa Tudor,
Mombasa