Risala ya Klabu ya Sayansi ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mhandisi wa Maji;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu;
Wanafunzi wenzetu.

Shikamooni.

Sisi wanaklabu, wasichana 38 wa kidato cha pili, tunafurahi kukukaribisha shuleni kwetu hapa jijini Tanga. Ahsante sana, mama, kwa kuacha kazi zako ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi wa Januari mwalimu mlezi alitugawia karatasi, kila mmoja aandike anataka kufanya kazi gani. Karatasi 38 zilirudi na kazi nne tu: daktari, nesi, mwalimu na mwanasheria. Ni kazi nzuri, lakini tuliziandika kwa sababu hatukuwahi kumwona mwanamke akifanya nyingine. Na ni sisi hawa ambao tukiingia kidato cha tatu tunaamua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Mtu ataachaje somo asilojua lingemfikisha wapi?

Ndipo tukaomba kutembelea sehemu za kazi. Karakana moja ilitujibu kwamba ingepokea wavulana tu. Jibu hilo lilituuma. Mtambo wa kusafisha maji ya jiji ulitufungulia geti.

Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani. Siku tuliyokwenda, masika yalikuwa yamenyesha usiku kucha na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maabara tulimkuta dada mmoja amevaa koti jeupe. Alijaza maji hayo kwenye bika sita, yaani vyombo vya kioo vya maabara, kila moja akaitia shabu, dawa ya kushikanisha tope, kwa kipimo chake, akawasha mashine ya kukoroga, kwanza mbiombio, kisha taratibu. Tulisogea hadi vichwa vikagongana. Bika ya kwanza, kimya. Ya nne, tope likaanza kushikana kama tui linapokatika, likazama lote chini, juu maji yakabaki maangavu. "Hii ndiyo dozi ya leo," alisema, akaandika daftarini na kuwapigia simu wenzake wa mtambo. Siku hiyo jiji lilikunywa maji kwa kipimo alichokitoa yeye.

Alituambia alisoma shule ya kata, hakwenda kidato cha tano, bali alijiunga na Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, akasomea maabara ya ubora wa maji hadi stashahada. Wengi wetu hatukujua kwamba njia hiyo ipo. Mwenzetu mmoja, ambaye alishaamua kuiacha kemia, alimuuliza maswali hadi dereva akapiga honi mara tatu. Kemia hajaiacha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzetu wanane hawakwenda. Watano walikosa mchango wa basi, na watatu wazazi wao hawakusaini ruhusa, wakihofia binti kwenda kuzurura. Mama mmoja kati ya hao yumo humu ukumbini leo. Baada ya kusikia habari za bika zile, alikuja mwenyewe kuuliza safari ijayo ni lini. Tunamshukuru sana.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, usafiri wa ziara moja kila mwaka, ifanyike kabla ya kidato cha pili kuchagua masomo, ili asiachwe mtu kwa ajili ya nauli. Pili, ofisi yako itupokee wachache wachache wakati wa likizo ya Juni, kila msichana akae siku nzima na mfanyakazi mmoja wa kike, amwone anavyoanza kazi asubuhi, anavyokwama na anavyojikwamua. Pampu tuliziona kwa mbali zikinguruma. Tungependa kuwapo siku moja inapofunguliwa kwa matengenezo, na tukiruhusiwa, tushike spana.

Tunaomba kuwasilisha.