Tuambieni wanavyocheza, odi tunazo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na dawati lako la michezo, hasa huyo anayeandika utabiri wa fainali za tenisi ya wanawake. Kila Wimbledon, yale mashindano ya Uingereza ya viwanja vya nyasi, ikifikia fainali anatupa mistari minne: majina ya wachezaji, nafasi zao kwenye orodha ya ubora duniani, odi za kila mmoja (viwango vya malipo ya kubeti), kisha anamalizia kwamba tenisi ya wanawake haitabiriki, lolote laweza kutokea. Mistari hiyo minne hubanwa chini ya kurasa mbili nzima za tetesi za usajili wa Simba na Yanga. Na Simba na Yanga sina ugomvi. Ugomvi wangu ni hiyo "lolote laweza kutokea".

Mimi ni msusi. Nina saluni Mwananyamala, na wakati wa Wimbledon televisheni ya saluni yangu haiwekwi tamthilia hata mteja alipe mara mbili. Tenisi nimeikuta nyumbani. Marehemu baba alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu moja hapa Dar es Salaam. Asubuhi anachora mistari kwa chokaa, jioni sisi watoto wake tunaokota mipira. Raketi yake mwenyewe hakuwahi kuwa nayo, lakini ukikaa naye pembeni ya uwanja alikuwa anakuambia nani atashinda kabla seti ya kwanza haijaisha. Umaarufu wa mchezaji haukumhusu. Alikuwa anaangalia nani anampa mwenzake mipira anayoipenda.

Sasa tuichukue fainali ya Jumamosi ya tarehe 15 Julai 2023, maana ndiyo mwandishi wako huitaja kila anapotaka kutuonyesha kwamba mchezo huu ni bahati nasibu. Ons Jabeur wa Tunisia, namba 6 duniani, dhidi ya Marketa Vondrousova wa Jamhuri ya Czech, namba 42, ambaye hakuwa hata kati ya wale 32 wanaotenganishwa kwenye droo ili wasikutane mapema. Kabla ya mwaka ule Vondrousova alikuwa ameshinda mechi moja tu Wimbledon. Mwaka uliotangulia alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, akaenda London mkono ukiwa umefungwa plasta, akakaa jukwaani kumtazama rafiki yake akicheza mechi za mchujo.

Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mbele ya saluni wote waliweka Jabeur kwenye mikeka yao ya kubeti. Naelewa kwa nini. Mwafrika mwenzetu, mcheshi, na mwaka 2022 alishafika fainali hiyohiyo, akashinda seti ya kwanza dhidi ya Elena Rybakina kabla ya kupoteza mbili zilizofuata. Tena safari hii njiani alikuwa amewatoa mabingwa wanne wa mashindano makubwa, yale ya ngazi ya Wimbledon: Andreescu, Kvitova, Rybakina mwenyewe kwenye robo fainali, kisha Sabalenka kwenye nusu fainali. Nani asingemwekea hela mtu kama huyo? Mimi niliposema anashinda Vondrousova waliniita msaliti wa Afrika, na mmoja akaapa mkewe hasuki tena kwangu. (Alirudi Eid.)

Lakini hebu mwandishi wako aiangalie tena ile orodha ya mabingwa wanne. Kvitova, Rybakina na Sabalenka walikuwa wanapiga mpira kwa nguvu za kutisha, na Jabeur anaipenda nguvu hiyo. Anaiazima. Wewe unapiga kwa hasira, yeye anaukata mpira kidogo tu, unadondoka hatua mbili kutoka kwenye wavu na wewe uko nyuma kabisa. Vondrousova hampi mtu kitu cha kuazima. Ni mashoto, mipira yake inakuja taratibu imejaa mzunguko, na hiyo ya kudondosha karibu na wavu anaijua pia. Ukimpelekea Jabeur mchezo unaofanana na wake, inabidi nguvu azitoe mwenyewe, na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Wala hii si hekima ya baada ya tukio. Mwaka huohuo walikuwa wameshakutana mara mbili, kwenye mashindano ya Australian Open na Indian Wells, na mara zote mbili alishinda Vondrousova. Ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Na kulikuwa na suala la paa: likifungwa upepo hauingii, na Vondrousova huchezea ndani vizuri. Kwenye robo fainali dhidi ya Jessica Pegula paa lilifungwa katikati ya seti ya tatu, Pegula akafika gemu 4-1 (seti huchukuliwa kwa gemu sita), kisha Vondrousova akachukua gemu tano mfululizo. Siku ya fainali paa la Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, lilifungwa tangu mwanzo. Ilikuwa saa 10 jioni kwa saa zetu, na nilikuwa na mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa. Niliposikia paa limefungwa, nikamwambia leo utaniona nikicheka.

Basi Jabeur akaongoza 4-2 seti ya kwanza, akapoteza gemu nne mfululizo. Seti ya pili akaongoza 3-1, ikamponyoka pia. Ikaisha 6-4, 6-4, na Jabeur alikuwa na makosa 31 ya kujitakia. Mwenyewe alisema, machozi yakimtoka, kwamba hicho ndicho kipigo kilichomuuma kuliko vyote alivyowahi kupata. Hata mimi niliyesema atafungwa sikucheka. Vijana wa kijiweni mikeka yao ilichanika, na kesho yake gazeti lako likaandika "maajabu Wimbledon".

Mwandishi wako ana hoja moja nzito, sitaki kumpunja. Tangu Serena Williams achukue Wimbledon mwaka 2016, mpaka 2025 kila mwaka ametoka bingwa mwingine: Muguruza, Kerber, Halep, Barty, Rybakina, Vondrousova, Krejcikova, Swiatek. Mwaka 2020 mashindano hayakufanyika kwa sababu ya korona. Mabingwa wanane, hakuna aliyerudia. Kwa mtu anayetazama orodha tu, hiyo ni bahati nasibu.

Ila kuna sababu, na zinaelezeka. Orodha ya ubora inahesabu matokeo ya wiki 52, na sehemu kubwa ya mechi hizo huchezwa kwenye viwanja vigumu na vya udongo. Msimu wa nyasi ni wiki chache tu katikati ya mwaka. Kwa hiyo ukiniambia fulani ni namba 3 duniani, hujaniambia chochote kuhusu anavyochezea nyasi, ambako mpira unateleza na hauinuki. Halafu mwanamke anashinda kwa seti mbili kati ya tatu, mwanamume kwa tatu kati ya tano. Mwanamume kwenye mashindano haya makubwa anaweza kuharibu saa nzima na bado akawa na seti tatu za kujirekebisha; mwanamke akivurugikiwa nusu saa, kombe linaondoka. Ndiyo maana jina kubwa peke yake halitoshi, na ndiyo maana kinachohitaji kuandikwa ni jinsi mchezo wa huyu unavyoingia kwenye mchezo wa yule.

Mwaka 2024 alama nyingine ilionekana mapema. Jasmine Paolini aliingia fainali baada ya nusu fainali ya saa 2 na dakika 51 dhidi ya Donna Vekic, ndefu kuliko nusu fainali zote za wanawake katika historia ya Wimbledon. Ana kimo kifupi, anategemea miguu, na miguu ile ilikuwa imefanya kazi mno. Krejcikova alichukua seti ya kwanza 6-2. Paolini alijibu 6-2, nikiri nilianza kutafuna kitana, lakini ya tatu ikaenda kwa Krejcikova 6-4.

Na 2025? Wengi walimpenda Amanda Anisimova kwa kuwa alikuwa amemtoa Aryna Sabalenka, namba 1 duniani, kwenye nusu fainali. Lakini upande wa pili alisimama Iga Swiatek, ambaye alikuwa ameshacheza fainali tano za mashindano makubwa na kushinda zote tano, wakati Anisimova hakuwahi kucheza hata moja. Swiatek anarudisha sevu ya pili (ile ya kuanzisha mpira baada ya ya kwanza kukosea) kama mtu anayedai deni, na sevu ya Anisimova ikipata woga huanza kugonga wavu. Nilisema Swiatek. Kwamba itakuwa 6-0, 6-0, ndani ya dakika 57, matokeo ambayo fainali ya wanawake ya Wimbledon haikuwa imeyaona tangu 1911, hilo hata baba angefufuka asingelisema. Nilikuwa nimemwahidi mteja wangu kwamba mechi itaisha pamoja na nywele zake, na sikuwa nimemaliza hata upande mmoja.

Sidai kwamba kila fainali inasomeka. Kwenye mashindano ya US Open ya 2021 Emma Raducanu alianzia mechi za mchujo, akiwa namba 150 duniani, akashinda mechi kumi bila kupoteza seti hata moja. Mtu akiniambia aliliona lile likija nitamwomba anionyeshe na namba za bahati nasibu. Lakini kutoka hapo hadi kuandika kila mwaka kwamba lolote laweza kutokea ni uvivu, na vijana wanaoweka hela ya mafuta kwenye mikeka wanausoma huo uvivu kama ushauri.

Ombi langu ni dogo. Siku moja kabla ya fainali, tupunguzie tetesi za usajili robo ukurasa. Huyo mwandishi atuambie wamekutana wapi na nani alishinda, juu ya uwanja wa aina gani. Nani katoka kwenye nusu fainali ndefu. Sevu ya pili ya nani inaning'inia. Nani ni mashoto. Kisha ataje jina moja, aweke na lake chini yake, tumsifu au tumcheke Jumapili. Odi aziache. Hizo zinaingia kwenye simu zetu tangu alfajiri, hata tusipoziomba.

Msusi wa Mwananyamala,
Dar es Salaam